Kupiga kambi Msimbati na wenyeji: tazama mwezi kwanza, hema baadaye

Kila mwaka Septemba ikikaribia, simu huanza kuingia. Marafiki wa Dar es Salaam, Dodoma na Songea wanataka kuja Mtwara kulala ufukweni, na swali lao la kwanza huwa ni hema: la watu wangapi, linauzwa wapi, linavuja au halivuji. Mimi huwarudishia maswali mawili. Siku hizo mwezi utakuwa na umri gani? Na mwenyeji wenu ni nani?

Hema utaazima. Maji ya bahari hayaazimwi, yana saa zake, na wanaozijua saa hizo ni watu waliozaliwa hapo. Mimi nimekulia Masasi, mbali na pwani, na karibu yote ninayoandika hapa nimefundishwa na rafiki yangu wa Msimbati, kijiji cha pwani ya Mtwara, na mama yake, na mjomba wake ambaye ni nahodha. Tumepiga kambi pamoja mara nyingi, na hivi ndivyo tunavyopanga kambi ya siku tatu, kulala mara mbili.

Chagua msimu, kisha chagua mwezi

Huku kusini mvua ni za msimu mmoja, kuanzia kama Novemba au Desemba hadi Aprili. Aprili na Mei usilete hema pwani. Kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth ya mwaka 2019, iliyoshukia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ilikuja Aprili. Hidaya ilikuja Mei 2024, na mvua zake zikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, watu wakakwama njiani siku nyingi.

Juni hadi Agosti ni kusi. Upepo hauna huruma, bahari imechafuka, hema linapigwa usiku kucha kama ngoma, na alfajiri utalitafuta blanketi. Faida yake ni nyangumi, ambao hupita pwani yetu miezi hiyo hadi karibu Novemba. Ukitulia ufukweni asubuhi unaweza kuona akipumua kwa mbali. Mimi nachagua Septemba ya mwisho hadi mwanzo wa Novemba. Kusi limelegea, kaskazi haijashika, maji yametakata, mabibo yanaiva na korosho mpya zinaanza kuokotwa.

Sasa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Siku hizo maji hujaa sana karibu saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa sana karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: maji yanajaa kwenye saa nne na kupwa kwenye saa kumi. Lakini hayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Wakati wa bamvua tofauti ya kimo kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3, yaani urefu wa nyumba ya makuti.

Mkiwa na watoto wadogo, au mnataka kuogelea tu, njooni maji mafu. Mkitaka kutembea juu ya mwamba na kina mama wanaotafuta pweza, lazima iwe bamvua. Mimi napenda bamvua ya mwezi mpevu: asubuhi mwamba uko wazi, na usiku mnapika na kula bila kuwasha tochi. Andika tarehe za mwezi kwanza, halafu ndipo uombe likizo kazini.

Tafuta mwenyeji, na umwache awe mwenyeji

Mwenyeji si mtu wa kukuonyesha njia tu. Ni yeye anayekuombea kwa watu wake. Ukifika na mtu wa pale, mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, mahema yenu yanakuwa ya kijiji kizima, na hata mwizi wa kuku atayapita mbali. Ukifika peke yako na gari la kukodi, wewe ni mtu asiyejulikana aliyelala ufukweni, na watu wana haki ya kukutilia shaka.

Kama huna rafiki wa Msimbati, anza na rafiki wa Mtwara mjini, naye atakuwa na mtu. Mpigie mwenyeji wiki mbili au tatu kabla. Mwambie mko wangapi, wanaume wangapi na wanawake wangapi, mtalala siku ngapi, na mnataka kufanya nini. Halafu nyamaza umsikilize. Akisema wiki ile haifai kwa sababu kuna msiba, harusi au unyago, badilisha tarehe. Usimlazimishe achague kati yako na jirani zake.

Ruhusa ziko mbili. Ya kwanza ni ya serikali ya kijiji: mwenyeji wako anatoa taarifa mapema kwa mwenyekiti na mtendaji, na mkifika mnakwenda wenyewe kusalimu na kuandika majina. Chukueni vitambulisho, kila mtu chake. Hapa ni mpakani, na tangu machafuko yaanze Cabo Delgado mwaka 2017 ulinzi umekuwa wa karibu. Ukiulizwa unatoka wapi na unakwenda wapi, jibu kwa adabu, ni kwa usalama wako pia.

Ruhusa ya pili ni ya hifadhi. Ufukwe huu uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye eneo la kilomita za mraba 650. Kuna kiingilio, na kiwango cha raia si sawa na cha mgeni kutoka nje. Ulizia viwango mapema, lipa kwa namba ya malipo ya serikali, tunza risiti kwenye simu na nyingine kwenye karatasi.

Kuhusu zawadi, usimwulize mwenyeji akutajie bei ya ukarimu wake, utamtia aibu. Lakini usimwachie gharama. Sisi hupeleka nyumbani kwa mama sukari, mchele, mafuta ya kupikia, majani ya chai na sabuni za mche, na tunampa mkononi yeye mwenyewe tukiwa tumekaa mkekani, baada ya salamu. Kazi inayolipwa ilipwe: mafuta ya chombo, nahodha na msaidizi wake, kijana atakayelinda mahema mkiwa baharini. Hayo panga mapema kwa sauti, pesa ikijulikana kabla hakuna moyo unaoumia baadaye.

Mavazi nayo ni sehemu ya ruhusa. Kijijini dada avae kanga au kitenge, kaka avae suruali au kikoi. Nguo za kuogelea ni za majini. Pombe muiache mjini. Shikamoo usiichoke: kila mkubwa, kila asubuhi, upya.

Funga mzigo kwa hesabu

Maji ya kunywa ndiyo mzigo mzito kuliko yote, na ndiyo wageni huyapunja. Visima vya karibu na ufukwe mara nyingi vina chumvichumvi. Vinafaa kuoshea vyombo. Piga hesabu ya lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu sita kwa siku tatu ni lita 90, kwa hiyo madumu matano ya lita 20, na mtakuwa mmebakiwa na kidogo cha kumpa jirani. Jazeni mjini.

Kitu cha pili ambacho sikubali kuondoka bila hicho ni viroba vitupu, vile vya unga au vya saruji vilivyooshwa, vinane kwa kila hema. Kazi yake utaiona mbele. Kamba ya kutosha, turubai la kuweka kivuli, mikeka, chandarua hata kama hema lina wavu wake, dawa ya mbu, jembe dogo, panga, tochi yenye taa nyekundu au kipande cha kitambaa chekundu cha kufunika tochi ya kawaida. Viatu vya kukanyagia mwambani viwe vya kufunga, soli ngumu. Kandambili zitabaki kwenye tope la kwanza. Sufuria kubwa, mbuzi ya kukunia nazi, chujio, mkaa gunia nusu.

Mkaa uchukue kwa sababu mikoko haikatwi. Ukishaondoa mkoko umeondoa mahali samaki wanapokulia, na ni kosa kisheria. Wenyeji watakuongezea makumbi na vifuu vya nazi, vinawaka vizuri kuliko unavyodhani.

Mifuko ya plastiki ilikatazwa nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo fungashia kwenye vikapu na viroba. Dawa zako za kila siku, za maumivu, chumvi na sukari za kuharisha, bandeji, kibano cha kutolea miiba. Chaji simu zote kabla ya kuondoka na beba chaja ya akiba.

Safari yenyewe

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 kwa basi, mnapita daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Somanga, Nangurukuru, Mingoyo. Lala Mtwara mjini usiku mmoja. Kama mna nusu siku, nendeni Mikindani mkaone milango ya zamani na boma la Wajerumani la mwaka 1895. Livingstone alipita hapo mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara.

Asubuhi, gari la kukodi au bodaboda hadi Msimbati kwa njia ya Mangamba na Madimba. Ni zaidi ya kilomita 35, na mwisho wake ni mchanga. Gari dogo lisilopunguzwa upepo kwenye matairi litazama. Madimba mtapita kiwanda cha kusafishia gesi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2015 inakwenda Dar es Salaam kwa bomba. Msipige picha mitambo wala walinzi.

Fikeni kabla ya saa sita mchana. Kusalimu kunachukua muda, na hakukatizwi.

Simika hema mahali ambapo bahari imekuruhusu

Mara ya kwanza nilipokwenda na kundi la mjini tulipenda pale palipolainika, mchanga mweupe umenyooka kama umepigwa pasi, hatua ishirini kutoka majini. Tulikuwa tumeshafungua mahema. Mjomba akaja, akatusalimu, akaokota kijiti akakichomeka mchangani juu kidogo ya pale tulipokuwa. "Subirini saa kumi," akasema, akaenda zake kuangalia chombo. Saa kumi jioni maji yalikifikia kijiti, yakakizunguka, yakapita. Ule mchanga ulikuwa umelainishwa na bahari yenyewe, alfajiri ya siku ile.

Tangu hapo tunafanya hivi. Tembea ufukweni utafute mstari wa majani makavu ya bahari, vijiti na vifuu. Huo ni mpaka wa maji ya juzi. Mara nyingi utakuta mistari miwili. Ule wa juu, mkavu zaidi, ni wa bamvua iliyopita au ya upepo mkubwa. Panda juu ya mstari huo hadi ukute mimea itambaayo yenye maua ya zambarau. Mmea haukubali kuishi panapolowa kila mwezi, kwa hiyo ukikuta imestawi umefika. Hata hivyo chomeka kijiti chako na usubiri maji ya jioni kabla ya kulala, na uachie nafasi zaidi juu yake, maana maji ya alfajiri yanaweza kuzidi ya jioni.

Usilale chini ya mnazi. Nazi haitoi taarifa. Mivinje ndiyo kivuli kizuri, ina majani laini chini na inavunja upepo, ila angalia matawi makavu.

Vigingi vya dukani havishiki mchanga. Upepo wa kwanza unaving'oa kama meno ya mtoto. Hapo ndipo viroba vinapofanya kazi. Jaza kiroba mchanga hadi nusu, kikaze shingo kwa kamba, chimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, kilaze, fukia, kanyaga. Kamba ya hema ifungwe kwenye shingo ya kiroba kabla ya kufukia. Fanya hivyo pembe zote nne, na nne nyingine kwenye kamba za pembeni. Mlango uelekee mbali na upepo. Hema lililofungwa hivi nimeliona likisimama usiku mzima wa kusi.

Jiko liwe upande upepo unakoelekea, hatua kumi na zaidi kutoka kwenye mahema. Choo ni bora kuomba cha nyumba ya jirani, na mkubaliane nani atajaza maji. Mkilazimika kuchimba, chimbeni nyuma ya ufukwe, mbali na kisima chochote, na mfukie kila mara.

Usiku taa nyeupe ziwe chache na zisielekee baharini. Kasa hupanda fukwe hizi kutaga. Kasa jike akiona mwanga hurudi majini na mayai yake, na watoto wa kasa wakitotolewa huifuata taa wakidhani ni bahari. Ukimwona akipanda, kaa chini, zima tochi, mwache. Mayai na nyama yake vinalindwa na sheria, na nyama ya kasa imewahi kuua watu kwa sumu.

Shuka mwambani na kina mama

Hii ndiyo siku ya pili, na kwangu ndiyo sababu ya safari nzima. Kama ni bamvua, mama na wenzake wanashuka kama saa moja na nusu kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa. Muulize mwenyeji usiku: wanashuka saa ngapi, na je, wanaridhia mfuatane nao? Wakisema mwamba umefungwa ili pweza wakue, umefungwa, hata kwa kutazama tu msiguse kitu. Vijiji kadhaa vya pwani vimejiwekea utaratibu huo, na unapofunguliwa pweza huwa ni wakubwa.

Tembea nyuma yao, kanyaga walipokanyaga. Mara ya kwanza mama aliniambia, "Mwanangu, usikanyage jiwe usiloliona lote." Sikuelewa mpaka aliponionyesha jiwe moja likiwa na macho. Samaki jiwe analala hivyo, miiba ya mgongoni ikiwa wima. Kwenye mchanga uliofunikwa na maji buruta miguu, usiinue, ili samaki aitwaye taa aliyejifukia asikie na kuondoka.

Mama hamtafuti pweza. Anatafuta mlango wake. Tundu la pweza lina ufagio: mchanga mbele yake umetakata, na pembeni kuna vipande vya magamba ya kaa na makome aliyokula, vimerundikwa vizuri kama takataka za mtu msafi. Mama anainama, anaingiza ncha ya fimbo polepole, anasubiri. Fimbo ikivutwa kutoka ndani, yumo. Nimemtazama akifanya hivyo mara nyingi, na kila mara kuna kitambo ambacho hakuna anayesema neno. Halafu mkono mmoja wa kijivu unatoka, unaishika fimbo, unageuka kuwa wa kahawia, kisha mwekundu, kisha wenye madoa, na mama anavuta kwa pembe, si kwa nguvu. Pweza akishikilia mwamba kwa mikono yote minane, nguvu zako hazitoshi.

Wadogo huwaacha. Nanyi msichukue makome yenye uhai wala kuvunja matumbawe kwa kumbukumbu. Picha mpige mkishaomba, na mkiambiwa hapana, iwe hapana bila maelezo.

Kugeuka ndiko kuna hatari. Maji yakianza kujaa hayaji kama ukuta kutoka mbele. Yanajaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, wewe ukiwa bado umeinama juu ya jiwe kavu. Kina mama wakinyanyua vikapu, nyanyua na wewe. Usiseme dakika moja.

Akichomwa mtu na samaki jiwe, taa au wale viumbe wa mviringo wa mwambani wenye miiba myeusi mirefu, chemsha maji haraka, tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu. Moto hupunguza nguvu ya sumu. Jaribu maji kwa mkono wa mtu mwingine asiye na maumivu. Kisha mpelekeni zahanati, na ikibidi Hospitali ya Ligula mjini. Ndiyo maana siku ya mwambani jiko letu halizimwi asubuhi.

Jikoni

Pweza mliyempata au kumnunua mpige kwenye jiwe au kwa mti mpaka alegee, muoshe, umweke kwenye sufuria bila maji hata tone, ufunike. Atatoa maji yake mwenyewe, mekundu kama ya zambarau, na atajikunja na kunywea mpaka ubaki na nusu ya ulichoweka. Muache yamkaukie. Hapo ndipo mkate vipande, muweke kitunguu, nyanya, bizari, tui jepesi achemkie, na tui zito mwishoni kabisa moto ukiwa umepunguzwa. Chumvi onja kwanza, kwa kawaida anayo ya kutosha. Ugali wa muhogo ndio mwenzake. Kama kuna ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kumenywa kwa mkono, nunueni ya kulia na chai ya asubuhi. Wageni wengi wakishaionja hawaulizi tena mkate.

Samaki wanunuliwe vyombo vikiingia, na mtu wa kwenu anayejua achague. Samaki wa baruti hata kwa bei ya bure msichukue. Ukimbonyeza nyama haina ukinzani, ukimpasua damu imevilia tumboni na mfupa wa mgongo umeachana na nyama. Baruti moja inaua samaki wachache wa kuuza, na inasaga matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Ukimnunua umemlipia yule mtu baruti nyingine.

Jioni, mkijaliwa korosho mbichi, ombeni mama awabanikie. Korosho zinatandazwa kwenye bati lenye matundu juu ya moto mkali, zinakorogwa kwa mti mrefu. Ganda lina mafuta makali. Yakitoka yanashika moto, bati zima linawaka, moshi mweusi unapanda. Kaeni upande upepo unakotoka, moshi huo unawasha macho na ngozi. Zikishaiva zinamwagwa mchangani kuzimwa, zikipoa ndipo zinabanguliwa kwa kugongwa moja moja. Vidole vitabaki vyeusi siku mbili. Korosho ya moto iliyotoka kwenye ganda dakika ile haifanani na ile ya pakiti.

Siku ya chombo

Mkitaka kuzunguka ghuba na kuona visiwa vyake, nahodha ndiye anayeamua saa, na pia ndiye anayeamua kama mtakwenda. Akitazama mawingu akasema leo hapana, mshukuru. Kila abiria awe na jaketi okozi lililofungwa, watoto kwanza. Kama hayapo ya kutosha, nendeni kwa zamu. Ondokeni asubuhi mapema bahari ikiwa imelala, mrudi kabla upepo wa mchana haujakaza. Kuelekea mdomo wa Ruvuma msiende kwa uamuzi wenu: ni mpaka wa nchi, na mtoni kuna viboko na mamba.

Kuogelea, ogelea maji yakiwa yanajaa au yametulia. Yanapotoka, penye mlango wa ghuba mkondo unavuta watu wazima wenye nguvu. Ukivutwa, usipambane nao kurudi ulikotoka. Elea, ogelea kwa ubavu sambamba na ufukwe hadi ukuachie, inua mkono uonekane.

Usiku mkisikia ngoma kijijini, kaeni kambini mpaka mwenyeji awaambie ni ngoma ya nini. Ya harusi mtakaribishwa, na mtacheza mpaka miguu iume. Ya unyago au jando ina wenyewe.

Kuondoka

Asubuhi ya mwisho mafundisho ya kwanza yanageuzwa: fukua viroba, mwaga mchanga, hesabu mpaka vitimie. Majivu yazimwe kwa maji, siyo kwa mchanga tu, kwani mkaa uliofukiwa hukaa na moto muda mrefu na watoto hutembea peku. Shimo la choo lijazwe. Takataka zote, hata maganda ya betri na chupa mlizokuta, zirudi mjini nanyi, maana kijijini hakuna gari la kuzizoa.

Madumu yaliyobaki tupu mwulizeni mama kama anayataka. Mara zote anayataka. Pitieni ofisi ya kijiji kuaga, kisha rudini nyumbani kwa mwenyeji mkae tena mkekani, hata kama gari linapiga honi, mnywe chai mliyoandaliwa. Mkifika Mtwara mjini, kabla ya kuoga, mpigieni simu mama mumwambie mmefika salama. Anakaa na simu mkononi akiisubiri.